Mpangaji wa Mwezi kwa Mwezi Karagwe na Kyerwa: Namna ya Kuimarisha Mkataba wa Pango

Kayanga na Omurushaka wilayani Karagwe, kama ilivyo Nkwenda na Murongo wilayani Kyerwa, si ajabu chumba au fremu ya biashara kupangishwa kwa makubaliano ya mdomo. Makubaliano hayo ni halali: Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inatambua upangaji usiozidi mwaka 1 hata usipoandikwa. Udhaifu wake uko kwenye muda. Muda usipotajwa, hufuata kipindi cha kulipa kodi. Anayelipa kila mwezi huwa mpangaji wa mwezi kwa mwezi, na upande wowote unaweza kusitisha upangaji kwa notisi isiyopungua kipindi hicho. Mfanyabiashara aliyejaza bidhaa dukani kusubiri msimu wa kahawa anaweza kutakiwa kuondoka baada ya mwezi 1, ingawa hadaiwi hata shilingi. Sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za pango ilifutwa mwaka 2005.

Hali hiyo humkuta hata mwenye mkataba wa maandishi, endapo muda wake umekwisha naye akaendelea kukaa kwa ridhaa ya mwenye nyumba bila makubaliano mapya.

Njia ya uhakika ni kuandikiana muda maalumu, wenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, kiasi cha kodi na wakati inapoweza kupandishwa, pamoja na haki ya kuongeza muda. Mwenye nyumba asipokubali, mpangaji aombe walau notisi ya miezi 3. Hilo peke yake ni nafuu kubwa. Kwa nyumba ya urithi, anayesaini awe msimamizi wa mirathi, si ndugu yeyote aliyezoea kupokea kodi.

Mkataba hulipiwa ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya mwaka, kupitia Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Hatua hii hupuuzwa mara nyingi, ilhali hati isiyo na stempu haipokelewi kuwa ushahidi. Stakabadhi na ujumbe wa malipo ya simu navyo vihifadhiwe.

Mgogoro huanzia Baraza la Kata, ambalo tangu mwaka 2021 husuluhisha tu bila kutoa hukumu. Suluhu isipopatikana ndani ya siku 30, shauri hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.