Sarrià, Nyumba Iliyofurahisha Wageni (Sehemu ya 2)

ILIPOISHIA: Ni Jumatatu, tarehe 5 Julai 1982, jijini Barcelona. Kwenye uwanja wa Sarrià Italia wanaongoza kwa mabao 3-2. Brazil wanahitaji sare tu waingie nusu fainali ya Kombe la Dunia, na saa inawakimbia. Éder anapiga mpira wa adhabu kutoka kushoto. Beki Oscar anaruka juu ya wote, anaupiga kichwa. Mpira unashuka kuelekea kona ya goli. Kipa Dino Zoff, mwenye umri wa miaka 40, anajitupa...

SASA ENDELEA

Akaudaka. Hakuupangua wala hakuutema. Aliubana ardhini, palepale kwenye mstari.

Wabrazili wakanyoosha mikono wakidai umevuka. Mwamuzi Abraham Klein hakukubali. Muda mfupi baadaye akapuliza kipyenga cha mwisho, na timu ya Zico, Sócrates na Falcão ikafungasha mizigo. Watu 44,000 waliokuwa majukwaani waliona kitu ambacho wapenzi wa soka hawajaacha kukibishania hadi leo: timu iliyocheza mpira mtamu kuliko zote imetoka, na iliyoitoa ni timu ambayo hata wenyewe Waitalia walikuwa wameikatia tamaa.

Msomaji wangu, nikurudishe nyuma kidogo, maana hapa ndipo pana utamu. Magoli yote matatu ya Italia yalifungwa na Paolo Rossi: dakika ya 5, ya 25 na ya 74. Rossi alikuwa ndio kwanza ametoka kwenye adhabu ya miaka miwili kwa kashfa ya kupanga matokeo, kosa alilolikana siku zote. Alicheza mechi nne za mashindano yale bila kufunga. Magazeti ya kwao yalimsema vibaya, na kocha Enzo Bearzot akasemwa zaidi kwa kuendelea kumpanga. Siku ya tano, pale Sarrià, akawajibu wote kwa saa moja na nusu.

Na Italia walifikaje hapo? Kwa sare tatu. Sare na Poland, sare na Peru, na sare ya 1-1 na Cameroon. Cameroon nao walitoka sare mechi zote tatu. Hawakufungwa na mtu. Ila Italia walikuwa wamepachika magoli mawili na Cameroon moja, basi kwa goli hilo moja Waafrika wakapanda ndege kurudi Yaoundé na Waitalia wakashika njia ya Barcelona. Goli moja tu zaidi la Cameroon, na Sarrià isingemjua Rossi kabisa.

Langoni mwa Cameroon alisimama kijana aliyependa kucheza na suruali ndefu hata kwenye joto. Jina lake Thomas N'Kono. Mshike huyo, tutakuja kwake.

Kwanza tuuangalie uwanja wenyewe, kwa sababu wengi wanaoikumbuka mechi ile hawajui ilichezewa nyumbani kwa nani. Si Camp Nou. Camp Nou ya klabu ya Barcelona ilikuwa katika jiji lilelile, kubwa na yenye jina. Sarrià ilikuwa ya jirani maskini, klabu ya Español, ambayo mwaka 1995 ilianza kuandika jina lake kwa Kikatalani: Espanyol. Ilifunguliwa tarehe 18 Februari 1923. Waliota uwanja mkubwa wa kuingiza maelfu kwa maelfu, lakini fedha zikaisha ujenzi ukiwa bado, wakafungua hivyohivyo na kuendelea kuongeza jukwaa baada ya jukwaa kila mfuko uliporuhusu. Ndiyo maana ulikuwa umebanana, katikati ya nyumba za watu, na majukwaa yakiegemea karibu kabisa na majani. Mchezaji aliyekwenda kupiga kona aliwasikia mashabiki nyuma ya masikio yake.

Usiudharau kwa udogo. Ligi Kuu ya Hispania, hii inayowakeshesha watu mbele ya televisheni, goli lake la kwanza kabisa lilifungwa pale. Ilikuwa tarehe 10 Februari 1929, Español dhidi ya Real Unión, na mfungaji alikuwa Pitus Prats wa wenyeji. Langoni pale alikaa Ricardo Zamora, ambaye jina lake hadi leo limo kwenye tuzo ya kipa bora wa ligi hiyo. Mwaka 1930 akauzwa Real Madrid. Alfredo Di Stéfano alikuja pale miaka ya 1960, jioni ya mpira wake, baada ya kuvuna kila kitu kwingine.

Unaona ilivyo? Bora wao wanaondoka, na bora wa wengine wanafika wakiwa wamechoka. Hata ile wiki ya 1982, mabingwa wa dunia watatu, Argentina, Brazil na Italia, walikutanishwa kwenye kiwanja hiki kidogo. Diego Maradona wa Argentina, mwenye miaka 21, alikabwa na Claudio Gentile wa Italia mpaka akakosa pa kupumulia. Siku tatu baadaye akampiga teke Batista wa Brazil na kutolewa kwa kadi nyekundu, katika jiji lilelile ambako klabu ya Barcelona ilikuwa ikimsubiri. Kisha Rossi, kisha Zoff. Wageni wakaondoka na sifa zao, Italia ikaondoka na njia ya kwenda kulibeba kombe. Wenyeji wakabaki kufagia majukwaa.

Safari hii lakini walibakiwa na kitu. Baada ya mashindano, Español walimsajili yule kipa wa suruali ndefu. N'Kono akaja kuishi kwenye uwanja uleule ambapo Zoff aliubana mpira wa Oscar, na akakaa misimu tisa. Mpira wa Ulaya wakati ule ulikuwa na mazoea mabaya ya kumwona kipa Mwafrika kama mtu wa kubahatisha. N'Kono aliyafuta mazoea hayo Jumapili baada ya Jumapili. Huko Italia mtoto mmoja, Gianluigi Buffon, alimtazama kwenye Kombe la Dunia la 1990 akaamua naye awe kipa. Alipokua akamwita mwanawe wa kwanza Louis Thomas.

Tuje sasa mwaka 1988, mwaka ambao Sarrià iliamini zamu yake imefika.

Kombe la UEFA. Español ya kocha Javier Clemente iliitoa AC Milan, ikaitoa Inter. Nusu fainali walifungwa 2-0 na Club Brugge huko Ubelgiji. Marudiano Sarrià wakasawazisha, mpira ukaenda muda wa nyongeza, na dakika ya 119 Pichi Alonso akafunga la tatu. Dakika ya 119! Fainali ya kwanza ya Ulaya katika historia ya klabu.

Fainali ilikuwa ya mechi mbili. Tarehe 4 Mei, Sarrià, dhidi ya Bayer Leverkusen ya Ujerumani Magharibi. Sebastián Losada akafunga kabla ya mapumziko. Miquel Soler akaongeza. Losada tena. 3-0, na N'Kono hakuruhusu kitu. Usiku ule nani angemwambia shabiki wa Español kwamba miaka tisa baadaye klabu, imezama kwenye madeni, ingeuuza uwanja huu, na tarehe 20 Septemba 1997 ukaangushwa kwa baruti ili pajengwe maghorofa? Walikuwa wanaimba.

Tarehe 18 Mei wakasafiri kwenda Leverkusen. Kipindi cha kwanza hakuna goli. Imebaki dakika 45 tu. Dakika ya 57, Tita. Dakika ya 63, Götz. Dakika ya 81, Mkorea Cha Bum-kun kwa kichwa. 3-3 kwa jumla. Muda wa nyongeza haukutoa mshindi.

Penalti.

Español walitangulia, kisha wakapoteza mbili. Ubao ukasoma Leverkusen 3, Español 2. Akatoka katikati ya uwanja Losada, yule wa magoli mawili ya Sarrià. Akifunga, wanaendelea kupumua. Akikosa, kombe linabaki Ujerumani. Akauweka mpira chini, akarudi nyuma hatua zake, akainua macho kuelekea kwa kipa Rüdiger Vollborn.

Mwamuzi akapuliza...

ITAENDELEA Jumamosi ijayo: mkwaju wa Losada, deni lililoula uwanja, na mechi ya mwisho ya Sarrià, Juni 1997. Usikose nakala yako.