Otto Lilienthal: Fundi wa boila aliyeruka kila Jumapili

Siku za kazi Otto Lilienthal alikuwa fundi wa boila. Karakana yake jijini Berlin ilitengeneza boila ndogo na injini za mvuke kwa ajili ya wenye viwanda vidogo, na mishahara ya mafundi wake ilitegemea mauzo ya boila hizo. Nyumbani Lichterfelde, pembezoni mwa jiji, alikuwa na mke, Agnes, na watoto wanne. Muda uliobaki, hasa Jumapili, ndio alioutumia kwa jambo ambalo wengi wa karne ya 19 waliliona ni wazimu: kuruka angani kwa mabawa.

Alipofariki dunia Agosti 10, 1896, akiwa na umri wa miaka 48, alikuwa amekwisha kuruka mara zipatazo 2,000. Kinachosimuliwa zaidi ni jinsi alivyoanguka. Anastahili kukumbukwa kwa jinsi alivyofanya kazi.

Wanafunzi wa korongo

Lilienthal alizaliwa Mei 23, 1848 katika mji mdogo wa Anklam, karibu na Bahari ya Baltiki, katika ufalme wa Prussia. Kati ya watoto wanane wa familia hiyo walikua watatu tu: Otto, mdogo wake Gustav na dada yao Marie. Baba yao, mfanyabiashara wa vitambaa, alifariki mwaka 1861, na mama yao Caroline akabaki na mzigo wa kuwalea.

Katika malisho ya nje ya mji waliishi korongo weupe. Otto na Gustav walikuwa wakiwatazama kwa saa nyingi, wakaona kwamba korongo hupaa akiukabili upepo, tena akishaupata huelea bila kupiga bawa. Ndege hao si wageni kwetu. Kila mwaka korongo wa mashariki mwa Ulaya huikimbia baridi, wakafuata bonde la Nile hadi nyika na mashamba ya Kenya na Tanzania, wanakojilia nzige na viwavijeshi.

Wakiwa bado shuleni, ndugu hao walijitengenezea mabawa ya mbao nyembamba na kuyajaribu usiku, wenzao wasije wakawacheka. Mabawa hayakuwainua. Otto akaenda kusomea uhandisi Berlin, akapigana vita vya Prussia na Ufaransa vya mwaka 1870, akarudi na swali lilelile. Safari hii aliliendea kwa mizani. Yeye na Gustav waliunda mtambo wenye mkono mrefu unaozunguka, wakafunga vibawa vya maumbo mbalimbali na kupima hewa inavyoviinua na inavyovizuia, pembe moja baada ya nyingine. Walibaini kwamba bawa lililopinda kidogo, kama la ndege, huinua mzigo vizuri zaidi kuliko lililo bapa.

Kazi hiyo ilichukua miaka, kwa sababu maisha nayo yalikuwa na madai yake. Otto alimwoa Agnes Fischer mwaka 1878, wakaunganishwa pia na mapenzi ya muziki. Alianzisha karakana, na mwaka 1890 akaamua kuwagawia wafanyakazi wake robo ya faida. Alijihusisha hata na jumba la maigizo jijini Berlin, ili watu wa kipato kidogo nao waingie kwa kiingilio nafuu. Kitabu chake kuhusu ndege wanavyoruka na binadamu anavyoweza kuwafuata kilitoka mwaka 1889, kikiwa na vipimo vyote. Wanunuzi wake walikuwa wachache.

Kutoka ubao hadi kilima

Baada ya kupima, alianza kujirusha. Kwanza aliruka kutoka kwenye ubao bustanini kwake, akiuinua kidogo kidogo. Mwaka 1891, karibu na kijiji cha Derwitz, aliweza kuelea umbali wa mita zipatazo 25. Miaka miwili baadaye, katika vilima vya Rhinow, alifika hadi mita 250.

Mwaka 1894 alijengesha kilima cha udongo karibu na nyumbani kwake, urefu wa mita 15, ili aweze kuruka upepo utokako popote. Watu walikusanyika kumtazama, na wapigapicha wakamnasa akiwa hewani. Picha hizo zilienea Ulaya na Marekani, na kwa mara ya kwanza dunia ikaona ushahidi wa mtu anayeruka kwa mabawa. Karakana yake ikaanza kuunda ndege hizo zisizo na injini kwa ajili ya kuuza, bei mark 500 kila moja. Mmoja wa walioipata alikuwa mwanasayansi Nikolai Zhukovsky wa Moscow.

Chombo chenyewe kilikuwa cha fito za mierebi na kitambaa cha pamba. Lilienthal alijishikiza kwa mikono, kiwiliwili na miguu vikining'inia chini, akakiongoza kwa kurusha miguu huku na huku. Hapo ndipo palipokuwa na udhaifu: upepo mkali ukija ghafla, uzito wa mwili haukutosha kukirudisha sawa.

Jumapili, Agosti 9, 1896, karibu na kijiji cha Stölln, chombo kilikosa mwendo hewani kikaanguka kutoka mita zipatazo 15. Lilienthal alivunjika uti wa mgongo, akafariki kesho yake Berlin. Agnes alibaki mjane mwenye watoto wanne. Gharama ya ugunduzi huo ililipwa na familia nzima, na hilo halifai kufichwa tunapomsifu.

Urithi wa vipimo

Habari za kifo hicho ziliwafikia ndugu wawili mafundi wa baiskeli nchini Marekani, Wilbur na Orville Wright, zikaamsha upya shauku yao. Walianza na majedwali ya Lilienthal, wakayahakiki kwa vipimo vyao, wakatafuta njia bora ya kuongoza chombo. Desemba 17, 1903 waliruka kwa injini. Wilbur alikiri waziwazi kwamba miongoni mwa watangulizi wao hakuna aliyemzidi Lilienthal.

Oktoba 1989, rubani wa Ujerumani Mashariki alitua na ndege kubwa ya abiria aina ya Ilyushin Il-62 kwenye uwanja wa nyasi wa Stölln, usiofika hata kilomita moja. Ndege hiyo ipo hapo hadi leo, makumbusho na mahali pa kufungia ndoa, na imepewa jina Lady Agnes. Ni heshima iliyokwenda mahali pake, kwa mwanamke aliyeishi na hatari ya Jumapili zile.

Mabawa yalikuwa yamekwisha kujaribiwa na wengi kabla ya Lilienthal, na wengi walianguka bila kumwachia mtu chochote. Yeye alipima, akaandika, akachapisha, akauza hata chombo chenyewe kwa aliyetaka kujaribu. Ndiyo maana kazi yake haikufa naye. Kijana mwenye ajira, familia na shauku ya jambo lisilomwingizia hata senti ana la kujifunza kwake: atumie saa chache alizonazo kwa nidhamu, na asifiche anachokigundua.