Kifafa na Umri wa Mgonjwa: Historia ya Kliniki ya Mahenge

Wengi hulihusisha neno kifafa na kitenzi cha kufa, kwa sababu mgonjwa huanguka kama maiti, akapotewa na fahamu, kisha akarejea duniani asijue yaliyompata. Maradhi yenye sura hiyo hayakosi kuzua hofu. Wayunani wa kale waliyaita matakatifu, wakidhani kwamba ni pigo la miungu. Nacho kitabu kinachonasibishwa na Hippocrates, cha karne ya 5 au ya 4 K.K., kilikwisha kukanusha dhana hiyo na kusema kwamba asili yake ni ubongo. Lakini kauli ya mwenye elimu ni jambo moja, na imani ya watu ni jambo la pili. Historia ya Mahenge inaonyesha jinsi mambo hayo mawili yalivyokutana katika nchi moja ya milima.

Mahenge iko katika Ulanga, kusini ya Tanzania, nayo ni nchi ya Wapogoro. Daktari Louise Jilek-Aall, mwanamke wa Norwe, alifika huko mwishoni mwa miaka ya 1950, akastaajabu kuona wingi wa wenye kifafa. Watu waliamini kwamba povu na mate ya mgonjwa huambukiza. Kwa hiyo aliyeanguka hakuguswa, hata kama ameangukia moto wa mekoni. Alikula peke yake, akalala peke yake, na aghalabu makovu ya moto mwilini mwake ndiyo yaliyokuwa ushahidi wa maradhi yake. Mwaka 1960 daktari huyo alianzisha kliniki ya kifafa.

Sasa, kifafa kilitambuliwaje mahali kama hapo? Hans Berger, Mjerumani, alikwisha kupima umeme wa ubongo wa mwanadamu mwaka 1924, akatangaza habari zake mwaka 1929. Hata hivyo, katika kliniki ya kijijini mizani ya utambuzi haikuwa mashine bali masimulizi. Mgonjwa mwenyewe hawezi kueleza asichokiona. Hueleza mama, ndugu au jirani: kwamba alianguka wakati gani, viungo vilikakamaa au vilitetemeka, aliuma ulimi au alijikojolea, na alipozinduka alikuwaje.

Swali lililotangulia yote hayo lilikuwa la umri. Mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano akishikwa na degedege katika homa kali, mara nyingi hilo si kifafa, na walio wengi hukua salama; lakini lazima malaria na homa ya uti wa mgongo zitafutwe upesi, kwa maana hizo huua, au huacha ubongo umejeruhiwa. Mtoto wa makamo ya shule huweza kupotewa na fahamu kwa nukta chache tu, macho yamekodoa, asianguke kamwe; mwalimu asiyejua humwadhibu kwa uvivu. Kifafa kikianza utu uzimani, daktari hutafuta kovu la ubongo: pigo la kichwa, uvimbe, au mayai ya tegu wa nguruwe yaliyoingia tumboni na kuzaa vifuko ubongoni. Na kwa mzee, kiharusi ndicho kinachoshukiwa kwanza.

Huko Mahenge wengi walianza kuugua wangali watoto au vijana. Tena baadhi ya watoto walikuwa na dalili ya ajabu: kichwa kiliinama na kuinuka, kikainama tena, mfano wa mtu anayesinzia. Daktari aliiandika dalili hiyo katika miaka ya 1960, na kwa muda mrefu wataalamu wachache tu waliijali. Baadaye maradhi ya namna hiyo yalionekana Sudan Kusini na kaskazini ya Uganda, na uchunguzi umeyahusisha na usubi, ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na visubi wa mito iendayo kasi. Ingawa njia hasa ya kudhuru ubongo bado inajadiliwa.

Dawa iliyotumika zaidi ilikuwa fenobabitoni, iliyoanza kutumiwa kwa kifafa mwaka 1912, nayo ni rahisi kwa bei. Hata hiyo haikuacha kutazama umri: kipimo cha mtoto hufuata uzito wake, na huenda akawa mtundu na msahaulifu, mzee naye husinzia na kupepesuka. Jambo moja halibadiliki kwa umri wowote: anayeiacha ghafla huweza kushikwa na mfululizo wa kifafa usiokatika, akafa.

Matokeo yaliandikwa mwaka 1992, wagonjwa 164 walipofuatiliwa baada ya miaka 30. Katika matibabu, zaidi ya nusu walikuwa wameacha kuanguka kabisa. Aliyekuwa akikimbiwa alionekana akilima na kula pamoja na wenziwe, na jambo hilo lilipunguza hofu ya povu kuliko mahubiri. Lakini baada ya miaka hiyo 30, watu 110 kati yao walikuwa wamekufa, na zaidi ya nusu ya vifo vilitokana na kifafa chenyewe: mfululizo wa kuanguka, maji, na moto. Katika mwaka huohuo ulitangazwa uchunguzi wa watu zaidi ya 18,000 wa Ulanga, ambao ulikuta wagonjwa wapatao 10 katika kila watu 1,000, na katika vijiji vingine hata 37.

Kwa hiyo si haki kusema kwamba Mahenge ilikosa dawa, kwani dawa ilijulikana na ilifaa. Vifo hivyo vinaonyesha kwamba kidonge kinachozuia kifafa leo hakimlindi mtu kesho asipokipata. Na mtoto aliyeanza kukimeza akiwa na miaka 10 humhitaji mtu wa kumpa hata awapo mzee, muda mrefu baada ya daktari wa kwanza kuondoka.