Kiziwi, Usikivu na Shime Sikio: Historia Fupi ya Istilahi za Kusikia

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi istilahi za kusikia zilivyokua katika Kiswahili, na kuonyesha pengo moja ambalo bado halijazibwa sawasawa. Pengo hilo linamhusu mtu ambaye masikio yake mawili hayasikii kwa kiasi kimoja. Mtu huyo akitaka chombo cha kumsaidia hulazimika kutoa fedha, na aghalabu fedha zenyewe ni chache. Kwa hiyo neno lisilo sahihi katika cheti chake laweza kumtia hasara. Wafasiri, walimu na watumishi wa serikali ndio wanaoyabeba maneno ya wataalamu hadi kwa wananchi, na kwa sababu hiyo jambo hili linawahusu wao kwanza.

Kiswahili cha tangu zamani kina neno kiziwi, ambalo limo katika ngeli moja na kipofu, kiwete na kilema. Neno hili humtaja mtu mzima: ama ni kiziwi, ama si kiziwi. Kando yake yalikuwapo maelezo ya kawaida kama vile kuwa na masikio mazito au kuwa mzito wa kusikia. Hata methali isemayo kuwa sikio la kufa halisikii dawa hulichukua sikio moja kuwa ndilo mtu mwenyewe. Lugha haikuwa na upungufu wowote kwa hayo. Haikuwapo haja ya kupima, na pasipo kupima hapana haja ya istilahi ya kipimo.

Haja hiyo ilianza kuonekana shule zilipofunguliwa. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilianza Tabora mwaka 1963, na ile ya Buguruni, Dar es Salaam, ikafuata mwaka 1974. Katikati ya miaka hiyo, Sheria Na. 27 ya mwaka 1967 iliunda Baraza la Kiswahili la Taifa, na kazi ya kusanifu istilahi ikapata mahali pake. Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa uliadhimisha Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu, na mwaka uliofuata Bunge letu likapitisha sheria mbili zilizowahusu walemavu. Sera ya Taifa ilikuja mwaka 2004, kisha Sheria Na. 9 ya mwaka 2010, ambayo jina lake lenyewe linataja watu wenye ulemavu. Msomaji ataona safari iliyofanyika: kutoka kilema, kupita mlemavu, hadi mtu mwenye ulemavu. Lugha ilimtenga mtu na hali yake, na kwa kufanya hivyo ikamrudishia heshima.

Hata hivyo neno kiziwi halikutupwa, wala halistahili kutupwa. Viziwi wenyewe wamelishika katika jina la Chama cha Viziwi Tanzania, kwa kuwa wao ni jamii yenye lugha yake, yaani Lugha ya Alama. Tunachosema sisi ni kwamba neno hilo lisibebeshwe mzigo usio wake. Mtu anayesikia kwa taabu kwa sikio moja, na kwa jingine hasikii kabisa, hatoshi kuelezwa kwa neno hilo peke yake.

Ili kukwepa ugumu huo, wengi wamechukua neno usikivu, wakasema upungufu wa usikivu. Hapa pana hatari ambayo yafaa tuitazame kwa makini. Katika Kiswahili, kusikia ni kupokea sauti, lakini pia ni kutii. Mtoto msikivu ni yule anayefuata anayoambiwa. Basi mwalimu akimwandikia mzazi kuwa mwanawe ana upungufu wa usikivu, mzazi aweza kuelewa kuwa mtoto ni mkaidi. Tena mtoto ambaye masikio yake hayalingani ndiye hasa anayedhaniwa hivyo. Akiitwa kutoka upande wa sikio jema huitika. Akiitwa kutoka upande wa pili, au darasani penye kelele, hukaa kimya. Mwalimu asiyejua sababu huona kuwa mtoto anasikia anapopenda. Kwa hiyo istilahi yetu yenyewe inaweza kumsaidia mtoto kupata daktari, au kumsaidia kupata viboko.

Tukiingia katika upande wa vipimo, tunakuta kwamba hata mataifa yamepita njia hiyo hiyo. Kiasi cha kusikia hupimwa kwa desibeli, na kila sikio hupimwa peke yake. Matokeo huchorwa katika chati: kwa kawaida duara jekundu ni la sikio la kulia, na alama ya msalaba wa buluu ni ya sikio la kushoto. Lakini katika madaraja yaliyotumiwa na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 1991, mtu aliwekwa katika daraja kwa kutazama sikio lake bora tu. Mtu mwenye sikio moja zima na jingine lililokufa alihesabiwa kuwa hana upungufu. Katika Ripoti ya Dunia kuhusu Kusikia ya mwaka 2021 madaraja yalirekebishwa: upungufu mdogo ukaanzia desibeli 20 badala ya 26, na mtu wa sikio moja akapewa daraja lake. Mtu huyo amekuwapo siku zote. Kilichokosekana ni mahali pa kumwandika.

Vyombo navyo vina historia yake. Kifaa cha kwanza cha umeme cha aina hii kilitengenezwa Marekani mwaka 1898. Transista ilianza kutumika katika vyombo hivi mwaka 1952, na hapo vikaanza kupungua ukubwa, hata vikaweza kukaa nyuma ya sikio. Vile vya kidijitali vilianza kuenea sokoni katika miaka ya 1990, na sasa fundi anaweza kukipanga chombo kimoja kifuate chati ya sikio moja. Barani Afrika, mapema katika miaka ya 2000, chaja ya betri za vyombo hivi inayotumia nguvu ya jua ilitengenezwa huko Otse, nchini Botswana, ili kupunguza gharama ya betri.

Chombo hiki kwa Kiswahili kimeitwa shime sikio, na kwa maoni yetu hili ni jina jema sana. Shime ni neno la kuwahimiza watu wajikaze kazini. Chombo hakileti sikio jipya. Hulihimiza lile lililopo litumie nguvu iliyobaki. Zaidi ya hayo, jina linataja sikio, halimtaji mtu. Basi kanuni tunayoitafuta imo tayari ndani ya istilahi hii: kila sikio lina shime yake.

Kanuni hiyo si jambo la vitabuni tu. Tuchukue mfano wa mkulima wa mpunga wa Mtowisa, katika Bonde la Ziwa Rukwa, chini ya ukingo wa nyanda za juu za Ufipa. Kwenda Sumbawanga mjini ni kupanda mlima, na kila safari ina nauli yake. Kama cheti chake kinasema tu kwamba ana uziwi, atakayemnunulia chombo hana la kufuata. Aweza kumletea jozi ya vyombo vinavyofanana, kama mtu anunuavyo viatu, kumbe upande mmoja utapiga kelele na wa pili hautatosha. Kwa miwani hatufanyi hivyo. Kila jicho huandikiwa kioo chake.

Cheti kilichoandikwa vizuri kingemwongoza hatua kwa hatua. Kwanza, tofauti kubwa kati ya masikio ambayo sababu yake haijulikani humhitaji daktari kabla ya chombo. Huenda ni nta, au usaha, au matumbwitumbwi ya utotoni, au uvimbe katika neva. Nchini Marekani, ambako tangu mwaka 2022 watu wazima wanaweza kununua baadhi ya vyombo hivi bila cheti, maelezo yake bado yanamwonya mnunuzi ambaye sikio lake moja limezidiwa na jingine amwone daktari. Pili, kama fedha zinatosha chombo kimoja tu, sikio la kuvishwa huchaguliwa kwa chati na kwa uwezo wa kuelewa maneno. Sikio bora likiwa karibu na uzima, mara nyingi husaidiwa lile dhaifu, ikiwa bado lina uwezo. Na dhaifu likiwa limekufa, husaidiwa lile bora, au hutumika chombo kinachohamisha sauti kutoka upande mmoja hadi wa pili. Tatu, bei si ya chombo peke yake: zipo betri, zipo plagi za sikio zinazochongwa kwa kipimo chake, na yapo matengenezo, hasa penye joto, jasho na vumbi. Nne, vikuza sauti vya bei ndogo vinavyouzwa madukani huongeza kila sauti bila kufuata chati. Visiandikwe katika zabuni kwa jina la shime sikio.

Kutokana na hayo tunatoa mapendekezo yafuatayo. Neno kusikia litumike kwa uwezo wa sikio, na usikivu libaki kwa tabia ya kusikiliza na kutii. Yaani tuseme upungufu wa kusikia. Hali ya masikio yasiyolingana iitwe upungufu wa kusikia usiolingana, na ile ya upande mmoja iitwe upungufu wa kusikia wa sikio moja. Tuseme sikio bora na sikio dhaifu, chati ya kusikia, na kizingiti cha kusikia kwa sauti ndogo kabisa inayosikika. Fomu za shule na za hospitali ziwe na mistari miwili, wa kulia na wa kushoto, na orodha za ununuzi zitaje shime sikio kwa kila upande badala ya jozi.

Baadhi ya wasomaji watasema kuwa mistari miwili katika fomu ni jambo dogo. Ni kweli kuwa ni dogo kwa anayeandika. Kwa mkulima aliyeuza magunia ya mpunga ili apate chombo kimoja, mstari huo ndio utakaoamua kama atasikia au hatasikia.