Lubumbashi: Nani Alihesabiwa, na kwa Nini

Mji wa Lubumbashi ulianzishwa mwaka 1910, mwaka uleule reli ya kutoka kusini ilipofika. Union Minière, iliyoundwa 1906, ilikuwa na shaba nyingi chini ya udongo na watu wachache wa kuichimba. Ikawatafuta mbali: Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, kisha Lomami, Kasai na Ruanda-Urundi. Kwa hiyo mji huu haukujaa kwa uzazi. Mwanzoni ulikuwa mji wa wanaume, wenye mikataba mifupi, waliobanana katika makambi, na wengi walikufa kwa homa ya mapafu, kuhara na tifo. Mafua makubwa ya 1918 yalipanda kwa reli hiyohiyo.

Mabadiliko yalikuja karibu na 1927 na 1928. Kampuni ilipiga hesabu ikaona kwamba kumtunza mfanyakazi ni nafuu kuliko kumtafuta mwingine kila mara. Ikaleta mkataba wa miaka mitatu, ikamruhusu mtu aje na mke wake, ikatoa posho ya chakula kwa mama na watoto, ikajenga nyumba za uzazi. Watoto walipimwa uzito na kuandikwa. Si huruma peke yake: mtoto wa kambi alikuwa mfanyakazi wa kesho. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Unilu ameandika kwa kirefu jinsi familia hizo zilivyoiona kampuni kama baba, na jinsi zilivyobaki yatima Gécamines ilipoanguka. Lakini hata baba huyo alijua kufukuza: katika shida ya uchumi ya miaka ya 1930, maelfu ya wafanyakazi walirudishwa makwao.

Baadaye wanasiasa nao wakaanza kuhesabu, safari hii kwa asili ya mtu. Desemba 1957 mji ulipiga kura kuchagua wakuu wa komini, na waliotoka nje ya Katanga, hasa Kasai, wakashinda zaidi. Oktoba 1958 ikazaliwa Conakat, chama cha waliojiita wenyeji. Mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Waluba wa Kasai walikimbilia kambi chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa, hapahapa mjini. Mwaka 1992 na 1993 mamia ya maelfu walifukuzwa Katanga. Huko Likasi na Kolwezi familia zilingoja treni stesheni kwa majuma mengi, na wengine, watoto zaidi, walifia hapo au njiani. Wengi wao walizaliwa katika makambi yaleyale ya kampuni, na Kasai hawakuijua.

Sensa ya mwisho ya nchi ilifanyika Julai 1984, ikapata watu karibu milioni 30. Kila idadi ya Lubumbashi inayotajwa leo ni makadirio. Waliofukuzwa hawakutolewa katika hesabu hiyo, na waliokuja kutoka Mitwaba, Manono na Pweto wakikimbia vita hawakuongezwa. Karatasi moja inayohesabu watu mara kwa mara ni orodha ya wapiga kura, nayo huwaacha watoto. Mama aliyepanga chumba Ruashi na watoto wake watano huonekana humo kama mtu mmoja, akiwa amepata karata.