Bomba la breki si mpira wa breki

Vitabu vya magari vya Kiingereza mara nyingi hutumia neno moja kwa kila kinachopitisha mafuta ya breki kutoka masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali) hadi gurudumuni. Mfasiri mwenye haraka huandika "laini ya breki", basi. Mimi nataka majina mawili: bomba kwa kile cha chuma, mpira kwa kile kinachopinda. Kifaransa, lugha ya vitabu vya ufundi huku Kongo, kimeshavitenga: cha chuma ni tuyau, cha mpira ni flexible. Kuvitenga kuna faida gerejini, kwani bomba hutengenezeka, mpira hutupwa.

Faida hiyo inaonekana kwenye barabara za huku. Ukitoka Goma, lami inakufikisha Sake. Kutoka hapo barabara inapanda milima ya malisho ya Masisi, penye vilele vinavyopita mita 2,000, halafu kupitia Nyabiondo inashuka hadi Walikale, msituni, chini ya mita 1,000. Njia za Walikale zilikuwa mbaya kiasi kwamba kasiterite, yaani madini ya bati, ya mgodi wa Bisie ilisafirishwa kwa ndege zilizotua kwenye kipande cha lami pale Kilambo, katikati ya barabara. Gari linaloshuka huko na mzigo huishi kwa breki.

Lala chini ya Land Cruiser utazame ekseli ya nyuma. Mpira unashuka kutoka kwenye chesisi, kisha mabomba membamba, kama milimita 4.75 hivi, yanafuata ekseli kwenda kila gurudumu. Klipu ikikatika, bomba linacheza na kusugua chuma hadi linaliwa. Tope likigandia juu yake, kutu inafanya kazi kimyakimya. Kwa hiyo osha kwanza, kausha, ndipo upitishe kidole: magamba ya kutu, alama ya jiwe, au unyevu unaoteleza na usiokauka kama maji. Upande wa ndani wa tairi ukiwa na michirizi ya mafuta, na pedali inazama, usiondoe gari.

Bomba lililoliwa hukatwa, likawekwa jipya. Nati hutangulia kuingizwa (ukisahau, utakata tena), kisha mdomo wa bomba hutanuliwa na kukunjwa mara mbili kwa kifaa chake. Shaba tupu inavutia kwa sababu inapinda kwa mkono, lakini mtikisiko huikomaza mpaka inapasuka. Inayofaa ni aloi ya shaba na nikeli, au chuma cha breki chenyewe. Kulehemu kwa risasi, au kuvisha kipande cha mpira na kukikaza kwa waya, ni kujidanganya: ukikanyaga kwa nguvu, shinikizo hufika baa 100. Wako wanaolikunja bomba na kuliponda kwa nyundo ili magurudumu mengine yabaki na breki. Hilo ni la kukushusha mlimani polepole kwa gia ya kwanza, na haliitwi matengenezo.

Mpira una hila zaidi. Nyufa na uvimbe wa nje utaviona, lakini unaweza kuoza ndani huku nje ni mzima. Ngozi ya ndani inabanduka na kuziba njia kama mlango wa upande mmoja: mafuta yanaingia, hayarudi. Gurudumu linashika na kuchemka, na fundi anabadilisha pedi bure. Legeza nati pale bomba linapoungana na mpira. Gurudumu likiachia, tatizo liko juu, upande wa masta silinda. Likiendelea kushika hadi ufungue nipo ya kutolea upepo gurudumuni, mpira ndio mkosa.

Baada ya kazi, toa upepo, ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, kwa mafuta ya kopo jipya. DOT 3, aina mojawapo ya mafuta ya breki, ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 205. Iliyonyonya unyevu, 140 tu, na mteremko mrefu huifikisha huko. Kisha mmoja akanyage pedali na kuishikilia, mwingine apitishe kitambaa kikavu kwenye kila nati. Kitambaa kikilowa na nati tayari imekazwa, usiongeze nguvu, maana utapasua mdomo. Fungua, kata, utanue upya.