Shoti na kukatika: istilahi za hitilafu katika saketi ya nozo
SHOTI nm [i-/zi-] hitilafu ya umeme ambapo mkondo hupata njia ya mkato isiyokusudiwa, kwa mfano waya iliyochubuka inapogusa bodi ya gari. Mfano: Waya imepiga shoti. Katika mazungumzo neno hili limetanuka mno, kiasi kwamba hata nozo iliyokufa kwa sababu nyingine huambiwa "imepiga shoti". Mazungumzo huvumilia mtanuko huo. Mwongozo wa ufundi hauwezi.

Nozo ya petroli ni vali inayofunguliwa na koili. Katika magari mengi, waya moja huipelekea volti 12 swichi inapowashwa, na waya ya pili huenda kwenye kompyuta ya injini, ambayo huifungua nozo kwa kuiunganisha waya hiyo na ethi kwa milisekunde chache. Kutokana na mpangilio huo, hitilafu mbili huleta matokeo yanayopingana. Waya yoyote kati ya hizo ikikatika, koili hukosa mkondo, nozo hubaki imefungwa na silinda hukosa mafuta. Waya ya pili ikipiga shoti kwenye ethi, nozo hubaki imefunguka wakati wote. Petroli hufurika ndani ya silinda, huosha utando wa oili kutani na kuteremka hadi kwenye oili ya injini.

Ndiyo maana istilahi "saketi wazi" huponza. Neno wazi humpeleka msomaji kwenye mlango au bomba, vitu ambavyo vikiwa wazi hupitisha. Saketi iliyo wazi haipitishi chochote, na nozo yake huwa imefungwa. Katika kitabu cha fizikia, kando ya mchoro wa swichi, istilahi hiyo haina madhara. Katika mwongozo wa gereji ni afadhali kuandika "saketi iliyokatika".

Vitenzi navyo vitenganishwe. Kukagua hufanywa kwa macho: soketi yenye kutu, waya iliyoungua. Kupima huhitaji chombo na hutoa tarakimu. Mfano: Zima swichi, chomoa soketi ya nozo, kisha pima ukinzani wa koili. Nozo za ukinzani mkubwa kwa kawaida husoma takriban omu 11 hadi 18. Usomaji unaokaribia 0 ni shoti ndani ya koili. Usomaji usio na kikomo ni koili iliyokatika. (Kiunganishi hicho kisiitwe "plagi", kwani gereji nzima itaelewa plagi ya kuchoma mafuta.)

Tarakimu ikiwa sawa, koili imeondolewa lawama za kukatika na za shoti, na uchunguzi huhamia kwenye waya na kompyuta. Hapo taa ndogo ya majaribio huchomekwa kwenye soketi na injini huzungushwa. Ikimweka, amri ya kompyuta inafika. Ikiwaka mfululizo, upande wa kompyuta umeshikana na ethi. Isipowaka, ama moto haufiki, ama amri haifiki.

Msimbo P0201 hutafsiriwa mara kwa mara "nozo ya silinda ya 1 ni mbovu". Tafsiri sahihi ni "hitilafu katika saketi ya nozo ya silinda ya 1". Ile ya kwanza humtuma mwenye gari dukani kununua nozo mpya, ilhali waya ndiyo iliyokatika.